Mwizi Haulizi Shahada

Kila zama ina mali yake, na kila mali ina mwizi wake. Babu zetu walilinda mifugo kwa maboma ya miiba. Wafanyabiashara wa pwani walilinda fedha zao kwa makasha ya chuma na milango ya mbao nzito. Wazee waliokuja Nairobi kutafuta kazi ya reli na ya viwanda walificha akiba yao ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Sisi watu wa leo tumeweka mali yetu mahali ambapo mkono haufiki wala jicho halioni. Mshahara, karo, hati ya shamba, matokeo ya mtihani na siri ya mgonjwa vyote vimeandikwa ndani ya kompyuta, na kompyuta hizo zimeungana na nyingine duniani kote kama nyuzi za wavu mmoja. Boma limebadilika, lakini fisi hakubadilika. Kwa hiyo imezuka kazi ya kulinda mali hiyo, nayo huitwa usalama wa mtandao.

Juu ya kazi hii umeenea usemi mmoja ambao nakusudia kuupinga mbele yako, msomaji, bila kuuonea haya. Usemi huo wadai kwamba ulinzi wa kompyuta ni kazi ya watu wachache waliozaliwa na kichwa cha hesabu, wakaingia chuo kikuu na kutoka na shahada ya kompyuta. Na kwamba karani, nesi, mwalimu, askari wa lango au mwenye duka aliyekwisha kutumia miaka kumi katika kazi yake amechelewa, hana alichonacho kinachofaa huko, na akitaka kuingia itampasa kuanza kama mtoto mchanga. Wazazi huusema usemi huu kwa huzuni. Waajiri huusema kwa kiburi katika matangazo yao ya kazi. Wanafunzi huusema kwa kukata tamaa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana mimi ni mwalimu. Nasema kwamba usemi huo ni wa uongo, na uongo wake una mashahidi watatu: historia yaukanusha, kazi yenyewe yaukanusha, na wezi waukanusha kila uchao.

Kabla ya kuwaita mashahidi hao, yafaa ujue nasimama wapi ninaposema maneno haya. Nasimama Jericho, mtaa wa mashariki ya Nairobi uliojengwa na Halmashauri ya Jiji katika siku za kuelekea uhuru ili wafanyakazi wa mji wapate makao. Ni mtaa wa watu wa kazi hata leo. Alfajiri utawaona wakishika Barabara ya Jogoo, wengine kwa matatu na wengine kwa miguu. Jioni soko hujaa sauti za wauzaji na wanunuzi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu ya mkononi imekuwa benki ya watu hawa. Mama anayeuza mboga huweka humo faida yake ya kila siku pamoja na fedha za chama alizokabidhiwa na wenzake. Kisha siku moja simu hulia. Sauti ya upole humtaja mama huyo kwa jina lake, humwambia kwamba fedha zimetumwa kwake kwa makosa, au kwamba laini yake itafungwa saa hiyo hiyo asipotaja namba yake ya siri. Mazungumzo hayapiti dakika tano. Yakiisha, akiba ya mwaka mzima imekwenda. Basi tunapobishana ni nani afaaye kuwa mlinzi, tunabishana juu ya karo ya mtoto na mtaji wa mjane.

Sasa na tumwite shahidi wa kwanza, yaani historia. Shahidi huyu hana haja ya kuja kutoka mbali, kwa kuwa aliwahi kukaa Mombasa. Mwezi wa Aprili mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za Ujapani zilishambulia mji wa Colombo. Waingereza waliokuwa wakinasa na kufumbua simu za upepo za Wajapani walihamishwa kutoka huko, wakaletwa Mombasa, wakapewa Shule ya Allidina Visram iliyoitazama bahari iwe ofisi yao. Humo madarasani, mahali walipokuwa wakikaa wanafunzi, waliketi watu wakitafuta maana ya herufi zisizo na maana. Kabla ya mwaka ule kwisha walikuwa wamevunja fumbo lililotumiwa na meli za mizigo za Kijapani. Je, walilivunjaje? Karani mmoja wa Kijapani alisahau jambo katika taarifa ya meli yake. Alipotambua, akaituma taarifa upya kwa ufunguo ule ule. Kosa hilo dogo la mtu mmoja aliyechoka au aliyeharakisha ndilo lililowapa wapelelezi njia ya kuingia. Kufuli lilikuwa zuri. Aliyelishika ndiye aliyelifungua.

Je, watu waliofanya kazi ya namna hii walipatikana wapi? Wakati ule hapakuwa na shahada ya kompyuta, maana kompyuta yenyewe ilikuwa bado tumboni mwa mama yake. Huko Uingereza, katika jumba la Bletchley Park, wakuu wa kazi hiyo waliwatafuta wachezaji hodari wa sataranji, wenye kupenda mafumbo ya maneno ya magazetini, wanahesabu, na wanafunzi wa lugha. Mwezi wa Februari mwaka 1942 ofisa mstaafu wa jeshi la maji, Oswald Tuck, alianza kuwafundisha Kijapani vijana katika mji wa Bedford. Wengi wa vijana hao walikuwa wamesoma Kigiriki na Kilatini cha kale, lugha ambazo hapana mtu anunuaye mkate kwazo. Wenye elimu walisema lugha ya Kijapani yataka miaka. Tuck aliwapa miezi sita, nao wakaingia kazini. Kilichowasaidia ni ile desturi waliyokwisha kuizoea ya kukaa mbele ya maandishi magumu na kuyachambua neno kwa neno bila kuchoka. Desturi hiyo ilihama nao kutoka vitabu vya kale hadi vitani.

Mfano wa pili ni wa Clifford Stoll, Mmarekani aliyesomea elimu ya nyota. Mwaka 1986 alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California. Aliombwa atafute sababu ya upungufu wa senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta za maabara. Wangapi kati yetu wangezitoa senti 75 mfukoni ili wamalize maneno? Stoll hakufanya hivyo. Alizifuata senti zile kama mtu afuataye nyayo mchangani. Aliandika katika daftari lake kila alichokiona, siku na saa, mwezi baada ya mwezi, hata akagundua kwamba mtu mgeni alikuwa akiingia kwa siri na kupitia humo kuzichungulia kompyuta za jeshi la Marekani. Mwisho wa nyayo zile alipatikana Mjerumani mmoja na wenzake waliokuwa wakiwauzia siri wapelelezi wa Urusi ya Kisovieti. Mtazama nyota alimkamata mwizi kwa uvumilivu na uandishi wa daftari, sifa mbili alizozipata kwa kutazama mbingu.

Mfano wa tatu uko karibu na mimi mwalimu wa lugha, nami sitaki kuuacha. Mwezi wa Februari mwaka 2016 wezi waliingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma amri za bandia za kuhamisha karibu dola bilioni 1 kutoka katika akaunti ya benki hiyo iliyokuwa New York. Dola milioni 81 ziliwafikia huko Ufilipino. Lakini dola milioni 20 zilizokuwa zikienda Sri Lanka zilizuiwa, na sababu mojawapo ya kuzuiwa kwake ilikuwa kosa la tahajia. Mahali pa neno la Kiingereza lenye maana ya taasisi, mwizi aliandika neno lisilokuwamo katika kamusi yoyote. Wafanyakazi wa benki moja njiani waliliona, wakauliza, na kwa kuuliza kwao mali ikaokoka. Mwanafunzi anayenung'unika ninapomkosoa herufi moja kwa wino mwekundu na aukumbuke mfano huu: herufi zilizopotoka ziliokoa dola milioni 20.

Shahidi wa pili ni kazi yenyewe. Wengi hudhani kwamba mlinzi wa mtandao hukaa gizani akipiga mbio vidole vyake juu ya vibonye, na herufi za kijani zikimiminika kama mvua. Picha hiyo ni ya sinema. Kazi halisi ina sehemu nyingi, na nyingi zake zafanana na kazi ambazo watu wa mtaa wetu wanazifanya sasa. Kuna kukinga, yaani kupanga nani apewe ufunguo wa chumba kipi. Kuna kukesha, yaani kusoma kumbukumbu za mashine; maana kila kompyuta huandika daftari lake: nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, na amegusa nini. Kuna kuitika dharura shari inapotokea. Kuna kukagua, kuna kutunga kanuni, kuna kuandika ripoti, na kuna kuwafundisha watu wengine wote wasiuachie adui mlango.

Mtazame nesi. Zamu yake ya usiku imemfundisha kukesha bila kulala macho wazi. Wagonjwa kumi wakija pamoja, anajua kupambanua nani ahudumiwe kwanza na nani awezaye kungoja. Mwenye ugonjwa wa kuambukiza humtenga kabla hajauliza ameupata wapi. Asubuhi humkabidhi mwenzake zamu kwa maandishi, na siri ya mgonjwa haiendi nayo sokoni. Sasa badili neno mgonjwa uweke neno kompyuta. Mashine iliyoingiwa na programu ya uharibifu hutengwa na wenzake kwanza, kisha husafishwa, kisha hurudishwa kazini ikiwa chini ya uangalizi, na kila hatua huandikwa. Yeye aliyezoea nidhamu hiyo wodini atafundishwa majina mapya ya vitu, lakini moyo wa kazi anao tayari.

Mtazame wakala wa M-Pesa katika kibanda chake. Mteja akimwonyesha ujumbe katika simu kwamba fedha zimekwisha kutumwa, wakala mwenye akili hauamini ujumbe huo. Hutazama salio lake mwenyewe. Amekwisha kuona jumbe za kughushi. Huomba kitambulisho hata kwa mtu anayedai kuwa ana haraka, na haraka ya mtu humzidishia yeye uangalifu. Jioni hulinganisha fedha za mkononi na floti ya simuni, na hesabu isipolingana haendi nyumbani. Wataalamu wa mitandao wameandika vitabu vinene kueleza kanuni ya kutomwamini yeyote kabla ya kumhakiki. Wakala wa Jericho ameijua kanuni hiyo kwa hasara ya mfuko wake mwenyewe, na somo la namna hiyo halisahauliki.

Mtazame askari wa lango, yule tunayempita bila kumsalimu. Huzunguka ua kwa saa zilizopangwa, hujua ni gari lipi la kawaida na lipi geni, huandika daftari la wageni, na akikuta kufuli limevunjwa hajui tu kupiga kelele. Anajua pia kutovuruga ushahidi. Mtazame karani wa hesabu, ambaye senti zikipungua hupata homa. Mtazame kondakta wa matatu, ambaye noti ya bandia huitambua kwa kidole kabla ya jicho. Wote hawa wamebeba ujuzi wa kuhama nao. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Nami naongeza kwamba hauna kabila la kazi, waweza kutoka nyumba hii ukaoa katika nyumba ile.

Na mwalimu je? Naomba nimtetee ndugu yangu wa chaki. Wachunguzi wa mambo haya husema mwaka baada ya mwaka kwamba sehemu kubwa ya uvamizi wa kompyuta hupitia kwa mtu: aliyedanganywa, aliyesahau, au aliyeharakishwa. Mtaa wetu umepewa jina la mji wa kale wa Yeriko, uliosifika kwa kuta zake. Wasomao maandiko wanakumbuka kwamba kabla kuta hizo hazijaanguka, wapelelezi walikuwa wamekwisha kulala ndani ya mji, katika nyumba ya mwenyeji. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta: ukuta waweza kuwa mnene, lakini aliye ndani ndiye afunguaye. Basi ni nani atakayemfundisha huyo aliye ndani? Maonyo mengi dhidi ya wizi wa mtandao huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini ambacho mama wa sokoni hawezi kukitumia. Anayeweza kumweleza mama huyo kwa Kiswahili safi, kwa mfano unaoshikika, na bila kumdharau, namna alivyo mtego na namna ya kuuepa, huyo ni mlinzi wa mtandao kama yule aliyeketi mbele ya mashine.

Hata sheria zetu zinawataka watu wa namna nyingi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaagiza kwamba habari za watu zikivujishwa kwa namna inayoweza kuwadhuru, aliyezihifadhi ampashe Kamishna wa Kulinda Data katika muda wa saa 72. Saa 72 ni siku tatu. Katika siku hizo mtu fulani lazima aulize maswali, apange matukio kwa taratibu, na aandike taarifa iliyo wazi, ya kweli na fupi. Huyo ni mwandishi na mwenye kuijua sheria. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna huyo iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hapana mwizi aliyevunja kompyuta ya shule hiyo. Palikosekana mtu wa kusema: ngojeni, tuwaulize wazazi kwanza. Neno hilo halihitaji shahada ya hesabu. Lahitaji mtu mwenye adabu ya kazi aliyepewa mamlaka ya kusema.

Shahidi wa tatu ni mwizi mwenyewe, na ushahidi wake ndio unaouma. Yule aliyempigia simu mama wa sokoni ana shahada gani? Ujuzi wake ni wa watu. Anajua kwamba woga huzima akili, kwamba haraka huzaa kosa, kwamba tamaa hupofusha, na kwamba mtu mstaarabu huona haya kumkatia simu mwenye sauti ya heshima. Amechukua ufasaha, uigizaji na subira, akavihamishia wizini. Shule ya wezi haina ada wala mtihani wa kuingia, haiulizi umri wala chuo. Humpokea yeyote na kumpa kazi jioni ile ile. Shule ya walinzi nayo imejengewa ua mrefu na lango jembamba, na juu ya lango pameandikwa: asiye na shahada na miaka mitano ya uzoefu asibishe hodi. Msomaji, ukiwa na kijiji ambamo wezi wanajiunga bure na walinzi wanafukuzwa langoni, waweza kushangaa nyumba zikivunjwa?

Hasara ya mambo haya haibaki kwa mtu mmoja mmoja. Mwezi wa Julai mwaka 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliishambulia huduma ya serikali ya eCitizen kwa kuimiminia maombi ya bandia mengi mno, kama watu elfu kusonga mlangoni pa duka bila nia ya kununua hata mnunuzi wa kweli asipate njia. Raia waliotafuta hati za serikali walikwama, na wengine walipata taabu hata kununua umeme. Mwaka uliofuata, 2024, waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili wa Sudan kwa mashambulizi ya kundi hilo. Watu wawili wanashitakiwa kwa jambo lililolisumbua taifa lenye mamilioni. Idadi ya walinzi wetu haiwezi kuwa jambo la mzaha.

Najua wapo watakaonipinga, nao wana haki ya kujibiwa. Wa kwanza atauliza: je, wataka kompyuta za benki zikabidhiwe mtu asiyejua kompyuta? La, hasha. Ujuzi wa zamani ni mtaji, haujawa duka. Nesi atajifunza namna kompyuta zinavyozungumza zenyewe kwa zenyewe, namna mifumo kama Linux inavyopangwa, namna kumbukumbu za mashine zinavyosomwa, na namna sheria inavyosema. Itamchukua jioni nyingi za miezi mingi, na kuna siku atalala juu ya kitabu. Ninachokataa ni kumwambia kwamba anaanza na mikono mitupu. Aanzaye akijua ana kitu hutembea kwa mwendo mwingine.

Wa pili atauliza: je, wadharau shahada? Sidharau. Kuna vilindi vya elimu hii, kama utungaji wa mafumbo yanayolinda fedha zetu, ambavyo havifikiwi ila kwa hesabu ngumu za miaka mingi. Na wanaovifikia wastahili heshima yetu. Lakini hospitali haina madaktari wa upasuaji peke yao. Ikiwafukuza manesi, wapimaji na makarani kwa sababu hawajui kupasua, wagonjwa watakufa mlangoni huku daktari akinoa kisu.

Kwa waajiri nina neno kali. Mnatangaza kazi ya mwanzo kwa mtu aanzaye, kisha mnadai awe na uzoefu wa miaka mitano. Huko ni kumwambia mtoto ajue kuogelea kabla hajaingia majini. Mnalalamika kwamba walinzi hawapatikani, hali ofisini mwenu yumo karani aliyekaa miaka minane, ajuaye kila faili lilipo, kila mteja alivyo na kila mlango usiofungika. Huyo angejifunza ulinzi kwa nusu ya taabu ya mgeni, kwa kuwa kitu anachokilinda anakijua. Mlipeni ada ya masomo, mmpe mwalimu, mmwekee mwaka mmoja wa kujaribiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa wizi hujengwa kwa fedha nyingi kuliko ada ya karani mmoja.

Kwa wachuuzi wa vyeti nina neno kali zaidi. Kila mahali pana tangazo linalomwahidi kijana kwamba kwa wiki chache na ada nzito atakuwa bingwa wa usalama wa mtandao mwenye mshahara wa kifalme. Wachuuzi hawa ni ndugu wa yule mpiga simu: nao hutumia tamaa na haraka. Kijana mwenye busara ajue kwamba masomo ya mwanzo hupatikana bure. Chuo cha mitandao cha kampuni ya Cisco, mathalani, hufundisha misingi yake kwenye intaneti bila malipo. Jirani na Jericho ipo maktaba ya umma ya Makadara yenye meza na utulivu. Na aanzie huko, apime moyo wake kwa miezi michache, ndipo alipe ada akijua analipia nini.

Kwako wewe kijana uliye na kipaji na umekaa barazani, nina neno la onyo. Ujuzi huhama kwenda kwenye wema, na huhama vile vile kwenda kwenye uovu. Utaambiwa kwamba kuingia katika kompyuta ya mtu ni mchezo tu wa kupima akili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 haiuiti mchezo: aingiaye bila ruhusa aweza kutozwa faini hata shilingi milioni 5, au kufungwa hata miaka 3, au yote mawili. Wako walinzi ambao kazi yao ni kujaribu makufuli ya watu, lakini hao hubisha hodi, hupewa ruhusa kwa maandishi, na wakiona ufa humwonyesha mwenye nyumba. Kidole ni kile kile na kibonye ni kile kile. Tofauti ya mlinzi na mwizi ni ruhusa na uaminifu. Uaminifu huo haufundishwi na mashine yoyote. Anza kuujenga leo katika fedha za timu unazokabidhiwa uwanjani na katika siri unazoambiwa na rafiki.

Na kwako mwanafunzi, nina neno la mwisho. Mtaala mpya unawagawa wanafunzi wa sekondari ya juu katika njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Tayari nasikia minong'ono kwamba asiyeingia njia ya kwanza amefungiwa milango ya kompyuta maisha yake yote. Usiukubali mnong'ono huo. Ukiwa katika historia, jifunze kuuliza habari imetoka kwa nani na kwa faida ya nani. Ukiwa katika lugha, jifunze kuandika sentensi isiyoweza kueleweka vibaya. Ukiwa katika biashara, jifunze kuona aibu hesabu isipolingana. Ukiwa katika uigizaji, jifunze namna mtu anavyoweza kuvaa sura isiyo yake. Na katika njia yoyote uwayo, usiikimbie kompyuta. Iguse, iulize, ifungue uone kilichomo.

Mama wa sokoni hatauliza shahada ya mtu atakayemwokoa. Atauliza kama akiba yake ipo. Mwizi naye hajauliza shahada ya mtu tangu dunia ilipoanza. Kama yeye hukusanya jeshi lake kutoka kila njia na kila baraza, sisi tuna sababu gani ya kuchagua la kwetu kutoka mlango mmoja tu? Fungueni malango. Mwiteni nesi, mwiteni karani, mwiteni askari na wakala na mwalimu. Mwape darasa, taa na muda. Kuna kazi ya kutosha kwa wote, na usiku wa leo simu itamlilia mama mwingine.